Hewa Kwanza: Kurekebisha Njia ya Maji Machafu ya Gari-Nyumba

Asubuhi moja ya Oktoba, kwenye kambi ya magari kaskazini mwa Scotland, nilioga kwa dakika tatu na maji yakanifika vifundoni. Nilifunga koki, lakini maji yakabaki palepale na povu lake. Mara sinki la jikoni, ambalo hakuna aliyeligusa tangu usiku, likakoroma, likatema mapovu machafu, na harufu ya supu ya juzi ikatanda gari zima. Wanangu wakachukua mablanketi yao wakatoka nje kwenye baridi.

Tatizo hilo halikuwa geni. Gari-nyumba letu tulilinunua likiwa limeshatumika, na tangu mwezi wa kwanza maji yake machafu yalishuka kwa shida na kutoka kwa shida zaidi. Nilikwisha amini kwamba dawa yake ni bomba kubwa. Koki mpya ya milimita 40 ilikuwa imo ndani ya boksi, ikingoja siku ya jua nilale chini ya gari nikate. Asubuhi ile nikampigia mjomba wangu aliyeko Tanga, fundi bomba mstaafu.

"Shikamoo, mjomba."

"Marahaba, mwanangu. Mbona sauti imepooza?"

Nikamweleza yote: bafu, sinki, harufu, na koki niliyoinunua. Akaniacha nimalize, kisha akauliza swali moja tu: "Hilo tangi linapumulia wapi?"

Sikuwa na jibu.

"Basi usikate kitu mpaka ujue. Maji hayaingii mahali ambapo hewa haijatoka, wala hayatoki mahali ambapo hewa haijaingia."

Kazi ilinichukua wikiendi mbili. Koki ile ya milimita 40 niliifunga mwisho kabisa, na kabla sijaifunga sehemu kubwa ya tatizo ilikuwa imekwisha. Naandika kwa ajili ya ndugu zetu walioko Ulaya, ambao mwaka hadi mwaka wananunua magari haya ili kuzunguka na familia, na wanaoambiwa na kila mtu kambini kwamba wakate, wapanue, wabadilishe. Anza na hewa. Kisha mteremko. Upana wa bomba uwe wa tatu.

Maji yanapita wapi

Gari-nyumba la Ulaya huwa na tangi la maji safi na tangi la maji machafu. Hili la pili mara nyingi huning'inia chini ya sakafu, na kwa gari la ukubwa wa kati hubeba lita 100 hivi. Humo ndimo yanamoshuka maji ya sinki la jikoni, ya beseni la kunawia na ya bafu. Choo kina njia yake: uchafu wake huingia kwenye kaseti inayochomolewa kwa kimlango cha ubavuni na kumwagwa mahali pake. Magari ya Marekani yana mpango mwingine, yana tangi la choo lenye bomba la inchi 3 na mabomba ya hewa yanayotokeza juu ya paa. Mwenye gari la namna hiyo atachukua hapa yanayomfaa.

Kutoka sinki hadi tangi, watengenezaji wengi hutumia mpira wa mikunjo-mikunjo wa milimita 25 hadi 28, unaofanana na koromeo la kuku. Viwandani unapendwa kwa sababu unapinda kokote bila elbo. Lakini kwa ndani kila mkunjo ni kijisahani kinachoshika mafuta, chembe za wali, nywele na sabuni. Tena mpira huo ukikosa kushikiliwa vizuri hulegea kati ya klipu na klipu, ukafanya tumbo. Tumbo moja la maji si neno. Matumbo mawili hufungia hewa katikati yake, na hewa hiyo haina pa kwenda, hivyo maji yanayotoka juu hukaa kwenye sinki yakingoja.

Pima kabla ya kukata

Simamisha gari mahali tambarare. Weka pima maji sakafuni, kwanza kwa urefu wa gari kisha kwa upana, na upandishe matairi juu ya vibao vya mteremko mpaka kiputo kikae katikati. Usiruke hatua hii. Bomba lenye mteremko wa sentimita 2 kwa kila mita hugeuka kuwa tambarare kabisa gari likiinama kiasi hichohicho upande wa pili, na vipimo vyako vyote vitakudanganya.

Sasa chukua ndoo ya lita 10 na simu yenye saa ya kuhesabu sekunde.

Jaribio la kwanza: tangi likiwa tupu na koki yake ya chini ikiwa wazi, ziba sinki la jikoni, lijaze, kisha toa kizibo na uhesabu. Tangi liko wazi chini, kwa hiyo hewa haina kizuizi. Kama maji yanasuasua hapa, ubaya uko kati ya sinki na tangi: mpira umeziba, umelegea au hauna mteremko. Fanya hivyo kwa beseni la kunawia na kwa bafu pia, kimoja kimoja.

Jaribio la pili: funga koki ya tangi, rudia yaleyale. Maji yakishuka polepole kuliko mwanzo, au sinki moja likikoroma wakati jingine linashusha, tangi halipumui.

La tatu ndilo lililonifumbua macho. Jaza tangi hadi nusu. Hakikisha vizibo vyote vya masinki na cha bafu vimefungwa, weka ndoo chini ya tundu la kutokea, fungua koki na uhesabu mpaka ndoo ijae. Funga. Kisha fungua ule mfuniko wa ukaguzi ulio juu ya tangi, au kama huufikii toa vizibo vyote, na ujaze ndoo nyingine. Kwa kawaida ndoo ya pili inapaswa kuchukua muda mrefu kidogo kuliko ya kwanza, kwa kuwa kina cha maji tangini kimepungua. Yangu ya kwanza ilichukua zaidi ya dakika nzima, na ya pili ilijaa kwa nusu ya muda huo. Maji yamepungua lakini yanakwenda mbio zaidi! Hapo hakuna ubishi tena, kinachozuia ni hewa.

Tangi lipumue

Kila lita ya maji inayoingia tangini husukuma nje lita moja ya hewa, na kila lita inayotoka huvuta ndani lita moja ya hewa. Njia ya hewa ikiziba, hewa hutafuta njia nyingine, na njia iliyo karibu ni kupanda kwenye bomba lilelile ambalo maji yanataka kushukia. Ndiyo maana sinki hukoroma na harufu huingia ndani.

Lala chini ya gari utafute tundu la hewa la tangi. Langu lilikuwa kijibomba chembamba kama kalamu, juu ya tangi, kimepindishwa kutazama chini, nyuma tu ya tairi. Tope la barabarani lilikuwa limekijaa na kukauka kama saruji. Nilikizibua kwa waya na maji ya moto kidogo, na nikarudia jaribio la pili. Sinki likanyamaza. Sikuwa nimetumia hata senti moja, na kazi haikufika robo saa.

Kuzibua peke yake hakutoshi kama kijibomba ni chembamba au kiko mahali panaporushiwa tope. Toboa sehemu ya juu kabisa ya tangi, funga kiungio, na uvute mpira wa milimita 20 hivi. Njia bora ni kuupandisha ndani ya kabati au nyuma ya ukuta hadi kwenye paa, kama wafanyavyo Wamarekani, kwa sababu harufu hutoka juu ya vichwa vya watu na maji ya tangi hayawezi kuufikia mwisho wake. Kama hutaki kutoboa paa, na mimi sikutaka, pandisha mpira mpaka ukaribie kugusa sakafu kwa chini, upindishe kama shingo ya bata, kisha ushushe mwisho wake nyuma ya bampa, mbali na madirisha na mbali na matairi. Funika mdomo wake kwa wavu wa kuzuia wadudu. Ujue tu kwamba tangi likijaa kupita kiasi maji yatatokea hapo. Nami naona ni heri yatokee nje kuliko yapande bafuni.

Mtu anaweza kukushauri ufunge chini ya sinki ile vali ndogo inayoruhusu hewa kuingia bila kutoka. Ni kifaa kizuri kwa kazi yake, yaani kuzuia maji ya trapu, ule mtego wa maji chini ya sinki unaozuia harufu, yasinyonywe. Lakini haitoi hewa ya tangi linapojaa. Ukiifunga ukidhani imechukua nafasi ya bomba la hewa, umetibu nusu ya ugonjwa.

Na kama uko safarini huna zana, fanya hivi: unapomwaga tangi, toa vizibo vyote ndani ya gari. Ukimaliza, mimina kikombe cha maji kwenye kila sinki ili trapu zijae tena.

Mteremko, halafu bomba

Kwa maji ya sinki, mafundi hupendelea mteremko wa sentimita 2 hadi 2.5 kwa kila mita ya bomba. Ndani ya gari nafasi ni finyu, hivyo huenda usiupate kila mahali. Upate penye uwezekano, na penye shida hakikisha walau bomba halipandi wala halilegei. Mpira uliopo unaweza kuokolewa kwa kuulaza juu ya kipande kirefu cha plastiki ngumu au alumini na kuufunga kila baada ya sentimita 30. Niliwahi kumfanyia hivyo jirani kambini, kwa vipande vya alumini na vikamba vya plastiki, na beseni lake la kunawia likashuka vizuri siku hiyohiyo.

Kama unaamua kubadilisha, na kwa gari la zamani naona inafaa, weka bomba gumu lenye ndani laini. Milimita 32 inatosha kwa beseni la kunawia, na 40 kwa bafu na jikoni. Ukitoka milimita 28 kwenda 40, nafasi ya maji kupita inakuwa mara mbili, maana eneo la duara hukua kwa mraba wa kipenyo. Penye kona, tumia elbo mbili za nyuzi 45 mahali pa moja ya nyuzi 90, na tii iingie kwa kufuata maji yanakoelekea. Mwanzoni mwa kila bomba refu acha kizibo cha kufungulia, ili siku likiziba upitishe waya bila kuvunja kabati.

Dukani ndipo wengi hupoteza Jumamosi nzima. Uingereza, bomba linaloitwa la 32 au la 40 halina kipenyo hicho kwa nje. La gundi la 40 lina milimita 43 hivi kwa nje, na la kusukumia lenye raba lina 41 hivi. Bomba la Ujerumani la 40 lina 40 kamili kwa nje. Vifaa vya mfumo mmoja havikai kwenye mfumo mwingine, hata kama maandishi ya juu yanafanana. Chukua kipande cha zamani mkononi, na pima kwa rula ya kubana, usipime kwa macho.

Gundi nayo ina masharti yake. PVC na ABS hugandishwa kwa gundi yake maalumu, ambayo mafundi wetu wengi huiita tangiti. Polipropilini haigandi kwa gundi yoyote ya bomba. Hiyo ni ya kusukumia kwenye raba tu. Kata bomba likiwa limenyooka, sugua kingo kwa msasa mpaka vinyuzi vyote vya plastiki viishe, futa mafuta, paka gundi pande zote mbili, ingiza huku ukizungusha kidogo, shikilia kwa nusu dakika. Ipe siku nzima kabla ya kupitisha maji. Wenye haraka hurudi kukata tena.

Kosa moja nililifanya na nililirekebisha baada ya safari ya kwanza. Nilikuwa nimegandisha bomba zima, kutoka sinki hadi tangi, likawa kitu kimoja kigumu. Gari hujipinda linapopita kwenye matuta, na tangi hutikisika kivyake. Elbo iliyo karibu na tangi ikapasuka. Sasa kati ya bomba na tangi nimeweka kipande kifupi cha raba nene kilichobanwa kwa klipu za chuma kisichopata kutu. Mwenye kupeleka gari la namna hii kwenye barabara za vumbi za kwetu, zenye mawimbi-mawimbi yanayotikisa kila msumari, aweke raba hiyo kila upande, na asitegemee viungo vya kusukumia bila klipu ya kuvizuia visichomoke.

Tundu la kutokea

Kabla ya kuingia chini ya gari kwa kazi hii: breki ya mkono, vizuizi vya mbele na nyuma ya matairi, na kama umelinyanyua, stendi za chuma chini ya chesisi. Jeki peke yake haishikilii gari juu ya mtu. Kuna watu wamekufa kwa kuiamini. Vaa glavu na miwani, maana uchafu wa tangi hudondoka usoni.

Evangelista Torricelli, mwanasayansi wa Italia, alieleza mwaka 1644 kwamba kasi ya maji yanayotoka kwenye tundu hutegemea kina cha maji yaliyo juu yake, na kwamba kina kikibaki robo, kasi hubaki nusu. Kwenye tangi la gari, lenye kina cha sentimita 20 au 30 tu, hii ina maana kwamba lita za mwisho ndizo zinazochosha. Ukiona mwanzo unafoka usifurahi mapema, hesabu hadi tone la mwisho. Na kama tundu liko nyuma, panda kwa matairi ya mbele juu ya vibao unapomwaga. Mwinamo huo mdogo utatoa mchanga na mabaki ambayo tangi tambarare hubaki nayo.

Tundu jipya litoke mahali pa chini kabisa pa tangi. Matangi mengi ni ya polithini, plastiki ile yenye mguso wa nta, na polithini haishiki gundi wala silikoni ya kawaida. Unachohitaji ni kiungio cha tangi chenye nati na raba pande mbili, kilekile ambacho mafundi wetu hufunga kwenye Simtank juu ya nyumba. Toboa kwa msumeno wa duara wenye kipimo kilichoandikwa kwenye kiungio, lainisha ukingo kwa kisu, zoa vumbi lote la plastiki kabla halijaingia kwenye koki mpya, kisha ingiza mkono kupitia mfuniko wa ukaguzi na ukaze nati. Raba ikae kwenye sehemu tambarare, isipande juu ya kona au juu ya mstari wa kiwandani. Kaza kwa mkono, ongeza robo mzunguko kwa spana, basi. Ukikaza zaidi raba hukunjamana na kuvuja.

Kuhusu koki, mimi napendelea ile ya mpini unaozungushwa robo tu, yenye tundu lililo wazi kabisa ndani yake. Ile ya kusukuma na kuvuta kibati huingiwa na mchanga kwenye mfereji wake na kuanza kudondosha. Koki ikae karibu na tangi, hata kama mpini wake itabidi urefushwe kwa fimbo hadi ubavuni. Wengi huiweka mwishoni mwa bomba, chini ya mlango, kwa sababu hapo panafikika kirahisi. Lakini bomba lote la kati hubaki limejaa maji machafu muda wote, na usiku wa baridi kali ndilo la kwanza kuganda na kupasuka. Mwisho wa bomba, pale ubavuni, weka mfuniko wa kuzungusha na nafasi ya kuunga mpira mfupi mpana, ili usilazimike kupatanisha gari zima na mdomo wa shimo.

Angalia pia bomba lisipite karibu na ekzosi, na lisiguse mirija ya breki wala ya mafuta. Plastiki hulainika kwa joto kabla haijayeyuka, na huanza kulegea bila wewe kujua. Hakuna kitu kipya kinachopaswa kuning'inia chini kuliko tangi lenyewe. Halafu tazama mikanda inayobeba tangi. Lita 100 ni kilo 100, zinarushwa juu chini kila kwenye tuta. Ukikuta mkanda una kutu, ubadilishe siku hiyohiyo. Na kilo hizo zinahesabiwa: aliyepata leseni ya kawaida ya gari Uingereza kuanzia mwaka 1997 kwa kawaida haruhusiwi kuendesha gari-nyumba la petroli au dizeli linalozidi kilo 3,500 likiwa na mzigo wake, na maji machafu yamo kwenye mzigo.

Harufu na baridi

Trapu za kawaida chini ya sinki hushika maji kidogo ili kuzuia harufu, lakini gari likikata kona au likipanda mlima maji hayo humwagika. Kwa gari napendekeza kile kifaa kisichotumia maji, chenye ulimi laini wa silikoni unaofunguka maji yakipita na kujifunga yakiisha. Kinachojulikana zaidi ni HepvO ya kampuni ya Wavin, cha milimita 32 na 40. Kinaweza kulazwa, jambo linalosaidia sana chini ya sinki lisilo na nafasi, ila tazama mshale uliochorwa juu yake usikigeuze.

Kwa usafi, futa sahani kwa karatasi kabla ya kuziosha. Mafuta ya kukaangia yapoe, yaingie kwenye chupa. Tabia hii ndogo inashinda dawa zote za dukani. Mara moja kwa mwezi mimi huyeyusha kikombe kimoja cha magadi ya kufulia kwenye ndoo ya maji ya moto ya bombani, nikaimimina kwenye masinki yote, nikaendesha kilomita 30 au 40 tangi likijisugua lenyewe, kisha nikamwaga mahali pake. Magadi hukata mafuta vizuri kabisa. Yasitumike kwenye alumini. Usimimine maji yanayochemka kwenye mabomba ya plastiki. Na usichanganye kamwe dawa ya klorini na siki au asidi yoyote, maana mchanganyiko huo hutoa gesi ya sumu, na ndani ya gari dogo huna pa kuikimbilia.

Wakati wa majira ya baridi, maji yakiganda hutanuka kwa karibu asilimia 9, na koki ya plastiki haistahimili hilo. Usiku unaotarajiwa kuwa na baridi ya kugandisha maji, acha koki ya tangi wazi na ndoo chini ya tundu, ukiimwaga asubuhi. Wengine hutia chumvi ya jikoni tangini. Inasaidia kwenye baridi ya wastani, lakini hula vyuma, hivyo kama koki yako ni ya chuma iache. Gari likilazwa kwa miezi, toa maji yote, acha kila kitu wazi, na uliendeshe mwendo mfupi vizibo vikiwa wazi ili matumbo yote yamwagike.

Baada ya kilomita 100 za kwanza, rudi chini ya gari na kitambaa kikavu. Pitisha kwenye kila kiungo. Kiungo kinachovuja kidogo leo kitakuonyesha unyevu tu. Usipokishughulikia, kitakuonyesha sakafu ya mbao iliyooza mwakani.

Kumwaga sasa

Tangi letu likijaa, sasa linakwisha kwa dakika chache, wakati zamani nilipiga magoti kwenye changarawe karibu nusu saa. Naliona hilo kuwa muhimu kuliko starehe ya bafu. Mtu ambaye tangi lake linamwagika kwa taabu ndiye anayeshawishika kufungua koki usiku kando ya barabara, ikichuruzika polepole hadi asubuhi. Ile njia maarufu ya kaskazini mwa Scotland, North Coast 500, yenye kilomita 830 hivi, ilitangazwa kwa watalii mwaka 2015, na tangu hapo wakazi wa vijiji vya njiani wamelalamika mara nyingi juu ya uchafu unaoachwa na magari kama yetu. Maji ya sinki yana mafuta, sabuni na mabaki ya chakula, na mitaro mingi ya mvua kando ya barabara huyapeleka moja kwa moja mtoni bila kusafishwa. Vituo vya kumwagia vipo: kambini karibu kote, na Ufaransa hata miji midogo imejenga vya kwake. Ukishaifunga koki yako mpya, tafadhali ifungulie hapo tu.